Meli Mpya, Njia Ileile

Bergen, Februari 2025

Mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, bibi na watoto hamjambo, na kwamba mvua hazijaikata tena barabara ya Bangwe. Mimi nimerudi jana jioni. Nguo bado zimo begini, chai iko mezani inapoa, nami nimeketi kukuandikia kabla sijafanya jingine lolote, maana swali lako la kwenye simu limenikaa moyoni: "Miaka yote unaisifu meli yako ya Hurtigruten, leo umewahama wenyewe ukapanda ya Havila, kwa nini?" Siku ile nilikujibu kwa mkato. Ngoja nikujibu kama inavyostahili.

Njia yenyewe unaijua kwa kunisikia. Kila jioni meli moja huondoka hapa Bergen, magharibi mwa Norwe, kwenda Kirkenes, kule juu karibu na mpaka wa Urusi, ikipita bandari 34, nyingine usiku wa manane, ikishusha watu, magari na mizigo. Alianzisha nahodha mmoja aitwaye Richard With, mwaka 1893, kwa safari ya kila wiki kutoka Trondheim hadi Hammerfest. Kabla yake barua kutoka Trondheim ilichukua wiki tatu kufika Hammerfest wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hata miezi mitano. Fikiria mtu anapata habari ya msiba baada ya miezi mitano. Huduma hiyo ndiyo Hurtigruten, na watu wa huku walizoea kuiita njia nzima kwa jina hilo. Ila mkataba wa serikali ulioanza 2021 uligawa kazi kwa kampuni mbili: Hurtigruten meli 7, na Havila meli 4. Kwa hiyo zinapokezana, na siku unayoondoka ndiyo inayoamua utapanda ya nani.

Basi mwaka huu nilitaka kusafiri kabla ya Ramadhani. Likizo yangu kazini ilipotoka, nikaangalia meli ya jioni ile, nikakuta ni Havila. Sikuwa na ugomvi na wale wa zamani, Zuhura, wala hawajanikosea hata siku moja. Nilikaribia kuahirisha safari nzima kwa ajili hiyo tu, na wewe pekee naweza kukueleza sababu.

Unakumbuka mwaka 2014 Mama alipofariki, na mimi sikuweza kuja kuzika. Wewe ndiye uliyekuwa umemshika mkono. Majira ya baridi yale nilikuwa silali. Msimamizi wangu katika nyumba ya wazee alinipa siku chache nipumzike, nikakata tikiti ya Bergen hadi Tromsø bila kujua naenda kufanya nini. Chumba changu kilikuwa chini, karibu na injini. Nilipoweka kichwa kwenye mto nikausikia ule mtetemo, mzito, wa taratibu, unaopanda kutoka kwenye chuma hadi kwenye meno. Ulikuwa mtetemo wa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Ulikuwa ni sisi wawili chini ya kanga moja ya Mama kwenye sitaha, Jumatano jioni, Kigoma inabaki nyuma, magunia ya dagaa yametuzunguka. Nikalia, kisha nikalala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Tangu hapo nimepanda meli zao mara nne, na kila mara nilichokuwa nakifuata ni ule mtetemo.

Sasa meli hii mpya ya Havila, Polaris, haitetemeki. Zilijengwa Uturuki, zote nne, na injini zake zinatumia gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, ile ile teknolojia inayozungumzwa kwa ajili ya gesi ya Lindi. Pamoja na gesi kuna betri kubwa, za megawati-saa 6.1, zinazochajiwa gatini kwa umeme wa nchi kavu, na umeme wa nchi hii karibu wote unatokana na maji. Kwa betri peke yake meli inaweza kwenda kwa muda unaofikia saa nne bila kuwasha injini. Usiku wa kwanza nililala chali nikisikiliza. Hakuna kitu. Hewa ya kwenye matundu tu, na mara moja moja mlango wa jirani. Saa nane za usiku nilikuwa macho, najiambia nimefanya kosa, nimelipa pesa nyingi kwenda kukaa kwenye hoteli iliyokatika kutoka gatini ikaelea.

Asubuhi nikaenda kula, huku nimenuna. Nilizoea bufee: unachukua sahani, unazunguka, na kwenye kila chakula namuuliza mtu, hiki kina nguruwe, hiki kimewekwa divai? Huku hakuna bufee kabisa. Wanasema wanapunguza chakula kinachotupwa. Unakaa, mhudumu anakuletea vyakula vidogo vidogo, na ukitaka zaidi unaagiza tena. Kijana aliyenihudumia aliniuliza mara moja tu siku ya kwanza, akaandika kwenye kidaftari chake. Siku ya tatu nilikuwa nimeshasahau, nikaagiza supu ya samaki, akainama akaniambia polepole, "Mama, hii leo ina vipande vya nguruwe juu, nimewaambia jikoni waiandae yako bila hivyo." Zuhura, kwa mtu aliyekaa ugenini miaka kama yangu, kukumbukwa hivyo ni jambo kubwa. Nilimshukuru hadi akaona haya.

Jioni ileile ya tatu tukafika Rørvik. Kwenye bandari hii meli inayopanda kaskazini na ile inayoshuka kusini hukutana usiku na kufunga gati jirani. Nikashuka na koti langu refu. Barafu ilikuwa imegandana kwenye mawe, taa za njano, watu wanapokea maboksi. Upande wa pili ilikuwepo meli ya wale wa zamani, na ule mstari mwekundu ubavuni. Nikaenda nikasimama karibu nayo kabisa. Nilivua glavu nikagusa kamba yake iliyofungwa gatini, na kweli, ilikuwa inatetemeka kidogo. Nilikaa pale mpaka honi ikalia. Sijui kama utanielewa nikikwambia nilikuwa kama naaga mtu. Nikarudi kwenye Polaris na usiku ule nikalala.

Kesho yake, baada ya kuvuka mstari wa Aktiki asubuhi na mapema, tulikuwa tunaingia Ørnes, kijiji kidogo kilichojikunja chini ya milima. Nilikuwa sitahani upande wa omo, mbele ya meli, peke yangu, baridi inauma masikio. Meli ilikuwa ikienda kwa betri. Kwanza nilisikia maji yenyewe yakipasuliwa, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Kisha nikasikia mbwa akibweka nchi kavu. Kisha mtu anakwangua theluji kwa sepetu mbele ya nyumba yake, kwaru, kwaru, anapumzika, kwaru. Hatukuwa karibu bado, nyumba zilikuwa ndogo kama visanduku, lakini sauti ilikuja juu ya maji wazi kabisa. Na mara nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kuhusu Liemba. Ilipofika kijiji kisicho na gati, nahodha akipunguza injini katikati ya ziwa, kulikuwa na ule muda mfupi kabla mitumbwi haijatufikia, tunasikia kasia, tunasikia wanawake wakiitana, jogoo, mtoto analia ufukweni. Ulikuwa ukinishika mkono: "Sikiliza, wanakuja." Miaka yote hii nilidhani ninachokikosa ni injini. Nilisimama pale Ørnes machozi yananigandia mashavuni, na safari hii hayakuwa ya huzuni.

Mengine nikupe kwa haraka. Vestfjorden, ile bahari ya wazi kati ya Bodø na visiwa vya Lofoten, ilituchafukia. Upepo ulikuwa mkali na betri wala gesi haikusaidia, nililala sakafuni na mfuko mkononi kwa saa tatu. Kwa hiyo ukija, dawa ya kichefuchefu umeze tukiwa bado Bodø, usisubiri. Nuru za kaskazini, zile zinazocheza angani usiku, tuliziona tukiwa tumetoka Tromsø. Picha nimekutumia, lakini kwenye simu rangi inakuwa kijani zaidi kuliko ilivyo.

Ila Svolvær lazima nikueleze. Tulifika usiku, na kabla sijaona kitu nilisikia harufu. Huu ndio msimu wa skrei, chewa wakubwa wanaotoka Bahari ya Barents kuja kuzaa Lofoten. Wanawapasua, wanawafunga wawiliwawili mikiani, wanawatundika kwenye chanja za miti mirefu nje, baridi na upepo vinawakausha hadi majira ya kuchipua. Hakuna chumvi. Vichwa hutundikwa kando, na vingi huishia Nigeria kwenye supu. Mnaijeria ninayefanya naye kazi ananunua kwa gunia. Nikawaza ng'onda, nikawaza dagaa zetu walioanikwa mchangani Kibirizi, pale Kigoma. Hawa wa baridi na wale wa jua, harufu ni ndugu. Kwenye gati alipanda bibi mmoja wa makamo ya Mama, na mfuko wa plastiki wenye samaki mkavu anachungulia, akaketi karibu nami, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia ziwani. Akasema yeye humpelekea mwanawe aliyeko Harstad samaki huyo kila mwaka, kwa sababu wa dukani hana ladha. Tulizungumza hadi akasinzia begani kwangu.

Na kuhusu swala, maana najua utauliza. Kuna utulivu, unasali chumbani bila shida, lakini meli haikai. Inapanda kaskazini, kwa hiyo kibla iko tezini, yaani nyuma ya meli, upande wa kulia, na kila inapojipinda kati ya visiwa unaiangalia dira upya. Siku tano nilisali nikiwa nimeipa omo mgongo. Asubuhi ya mwisho, tulipotoka Vadsø kuelekea Kirkenes, meli ikageuka, na nilipoweka dira sakafuni kwa ajili ya alfajiri nikakuta kibla iko mbele yetu. Nilisali huku meli nzima inaenda nilikoelekea.

Pale Kirkenes nilikuwa na saa kadhaa kabla ya ndege. Nikaingia mahali kuna ramani kubwa ukutani, nikafuata kwa kidole mstari wa longitudo unaopita pale, nyuzi 30 mashariki. Nikashuka nao: Finland, Urusi, Ukraine, Uturuki, Misri, Sudan, Uganda. Zuhura, unashuka hadi Ziwa Tanganyika! Kigoma iko nyuzi 29 na nusu na kidogo. Nikiwa kule mwisho wa Norwe, theluji inafika magotini, nyinyi mlikuwa moja kwa moja kusini kwangu. Saa yetu tu ndiyo ilitofautiana, ninyi saa mbili mbele.

Kwa hiyo viza yako ikitoka, tutakwenda pamoja, na kampuni itakuwa yoyote itakayoangukia siku yetu. Nitakuonyesha Ørnes asubuhi, tusimame omo, tusiseme kitu. Nataka uwepo mara moja katika miaka hii na unishike mkono pale. Chumba tuchukue cha katikati ya meli, sitaha ya chini, mawimbi hayatikisi sana. Usihangaike na makoti, ninayo mawili. Ila viatu vya theluji sina vya kukutosha, na hivi sasa bei zimeshuka kwa kuwa msimu unaisha. Weka mguu juu ya karatasi, uchore kwa kalamu kuzunguka kidole gumba mpaka kisigino, upige picha unitumie wiki hii.

Wako,
Asha