Rula ya mbambakofi

Lamu, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Assalaamu alaykum. Simu yako niliiona Jumatano ikiita mara tatu. Sikushika. Mikono ilikuwa kwenye unga, nyumba imejaa watu, na ningeshika ningelia tu ukanisikia. Leo watu wamepungua, nimepanda darini na kalamu.

Mwalimu wetu alifariki usiku wa kuamkia Jumatano. Adhuhuri wakamsalia msikiti wa Riyadha, wakampitisha Usita wa Mui, njia yetu kuu. Sisi tulibaki ndani na yasini zetu, lakini nilichungulia dirishani: wanaume wanapokezana jeneza mabegani, na wenye punda wamejibana ukutani kupisha. Nusu ya wale wanaume aliwafundisha kushika kalamu.

Sasa nikwambie lililonikera. Kila mwanamke aliyeingia alisema, "Alikuwa mpole, masikini." Mpole! Mimi nikawa namimina chai ya tangawizi, nimenyamaza. Mpole gani yule, ambaye akikutazama juu ya miwani unakumbuka hata dhambi za mwaka jana? Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkali. Ila ukali wake ulikuwa na adabu. Sikumbuki hata siku moja akimwita mtoto mjinga.

Unakumbuka Kiswahili chetu cha Kiamu kwenye insha? Mimi niliandika, "Nilikuwa na ndaa, nikashika ndia kwenda nyumbani." Mwalimu wa mwaka uliotangulia angeipiga kalamu nyekundu ukurasa mzima. Yeye hakufuta kitu. Juu ya "ndaa" akaandika "njaa", juu ya "ndia" akaandika "njia", kwa herufi ndogo, halafu akaniita mezani. "Hii ya chini ni ya kwenu, uitunze. Hii ya juu ni ya mtihani, uijue." Akatwambia darasa zima kwamba Kiswahili cha vitabuni kilifuata Kiunguja, na waliokaa Mombasa mwaka 1928 kukichagua hawakufanya hivyo kwa kuwa cha kwetu kibovu, mashairi yalitungwa kwa Kiamu karne nzima na zaidi kabla ya kikao chao. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitoka pale nimenyoosha shingo.

Na ile ya baba yako, sijui kama umewahi kuwasimulia wanao. Mwaka 1992, tuko darasa la saba, umekosa shule wiki mbili na posa imeshaletwa. Mwalimu alikuja baada ya Isha, stima imekatika, mumewe amembebea kandili mpaka mlangoni kwenu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia na wewe, shahidi wa macho. Baba yako akasema msichana ameshajua kusoma, yatosha. Mwalimu hakubishana naye. Aliomba daftari la madeni la duka, akakupa ujumlishe pale pale, kwa mwanga wa kandili. Ukajumlisha. Ukapata kwamba msambazaji wa mchele amempunja baba yako shilingi mia tatu na arobaini! Mzee alilitazama lile daftari kimya, halafu akaagiza kahawa. Tangu usiku ule ukawa karani wake, na karani haozwi darasa la saba. Leo uko Muscat unawapimia wagonjwa dawa.

Binti mkubwa wa Mwalimu, yule tuliyesoma naye, alitusimulia jambo juzi tukacheka mpaka tukaona haya, maana msiba ulikuwa bado mbichi. Siku moja darasani alisahau akamwita "Mama". Sote tukaangua kicheko, nadhani wewe ndiye uliyeanza. Mwalimu akamjibu bila kugeuka ubaoni, "Mama yako yuko nyumbani, muulize ukirudi." Hayo tunayajua. Tusiyoyajua ni kwamba jioni alipoingia, alivua buibui, akakaa jamvini, akamvuta mtoto mapajani: "Haya, mwanangu. Ulitaka kumuuliza Mama nini?"

Alistaafu 2013. Mafao yalichelewa, ofisi fulani ikamzungusha kwa makaratasi, lakini hayo nayaacha.

Nimefika kwa Fundi, mumewe Mwalimu. Ile rula ya mita moja aliyomchongea wakati wa uchumba, ya mbambakofi, yenye maua ukingoni kama mlango wa Lamu, ipo bado. Unakumbuka kasoro yake? Baina ya sitini na sabini sentimita moja haimo. Sisi ndio tuliohesabu, tukamwendea Mwalimu kama polisi waliokamata mwizi. Naye akacheka, siku aliyocheka kweli: "Fundi wangu alikuwa na haraka ya kuoa." Hakukubali itengenezwe. Miaka yote ile darasani ikipita sitini tulikuwa tunaondoa moja vichwani.

Mdogo wangu alikuwa makaburini, ndiye aliyenieleza. Fundi alikataa mtu mwingine akate mbao za kufunika mwanandani kaburini. Asubuhi ile alizikata mwenyewe karakanani, na hakutafuta futi yake, alichukua ile rula ukutani. Akapima, akakata. Walipojaribu ubao wa kwanza ukatoka mfupi kwa sentimita moja. Vijana wakatazamana, hakuna aliyethubutu kusema. Yeye akaushika ule ubao muda mrefu, akatabasamu kidogo, akasema, "Bado ananisahihisha." Kisha akakata mwingine.

Hitma ya arubaini ukipata ruhusa kazini, njoo. Shukia Mokowe, nitakupokea kwa boti. Fundi ameuliza habari zako mara mbili, na hata leo anakuita "karani".

Shoga yako,
wa dawati la tatu, upande wa dirisha