Barua kwa binti yangu kabla hajasaini mkataba

Moshi, Februari 2026

Mwanangu mpendwa,

Picha za barua zote mbili ulizonitumia Jumapili nimezisoma, ule mkataba wa kampuni ya utalii hapo Arusha na ile barua ya ajira ya halmashauri. Baba yako naye amezisoma, tena mara mbili. Umeniuliza swali moja tu: mama, mtu mwenye akili anaachaje shilingi 1,100,000 kwa mwezi akaenda kuchukua 800,000? Swali ni zuri na sitalijibu kwa kukuamuru, kwa sababu wewe ni mhasibu na mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Lakini kuna mstari mmoja katika ukurasa wa pili wa mkataba wa kampuni ambao naona umeupita haraka, na ndio ulioninyima usingizi.

Mstari huo unasema mshahara wa msingi ni 500,000, na zinazobaki 600,000 ni marupurupu. Ukipokea fedha mkononi hutaiona tofauti yake. Utaiona kwenye mchango wa hifadhi ya jamii iwapo mwajiri ataukokotoa juu ya ile 500,000 peke yake. Sheria yetu inataka asilimia 20 ya mshahara iende kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, uwe wa umma au wa binafsi. Serikalini mtumishi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 15 katika PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Kwa sekta binafsi, ambayo iko chini ya NSSF, kwa kawaida ni 10 kwa 10. Kwa hiyo halmashauri ikikulipa 800,000, wewe utakatwa 40,000 na mfuko utapokea 160,000 kila mwezi. Kampuni ikichangia juu ya 1,100,000 yote, utakatwa 110,000 na mfuko utapata 220,000, na hapo sina neno, kampuni imeishinda halmashauri. Ikichangia juu ya 500,000, mfuko utapata 100,000 tu.

Sasa ipeleke hesabu hiyo hadi siku ya kustaafu. Kanuni iliyoanza Julai 2022 inachukua wastani wa mshahara wa mwaka, inauzidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha inagawanya kwa 580. Tuseme umefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na tuache mishahara ilivyo leo ili tulinganishe vitu vya aina moja, huku mkupuo, yaani fedha unazolipwa mara moja unapostaafu, tukiuhesabu kwa asilimia 35 pande zote. Kwa 1,100,000 utapata mkupuo wa karibu shilingi milioni 35.8 na pensheni ya kama 443,000 kwa mwezi. Kwa ile 500,000, mkupuo unashuka hadi kama milioni 16.3 na pensheni ya mwezi haizidi 202,000. Mtu wa halmashauri mwenye 800,000 ataamka kila mwezi na takribani 322,000. Umeona, mwanangu? Yule uliyemzidi mshahara kwa laki tatu ujana wako wote, uzeeni anakuzidi kwa zaidi ya laki moja kila mwezi, hadi mwisho wa maisha.

Usidhani nakusifia Serikali kwa sababu ilinilisha. Miaka kadhaa baada ya 2016 tulikaa bila nyongeza ya mshahara, na wewe unakumbuka ada yako ya kidato cha tano niliilipa kwa mkopo wa benki, nikabaki na ile theluthi ya mshahara ambayo sheria hairuhusu kuguswa. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, nami nilifurahi kwa ajili ya wenzangu, ila nyongeza hiyo ilinikuta nimeshatoka kazini. Na kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, nacho hubadilika. Mimi nilistaafu 2021 chini ya kanuni ya zamani, nikalipwa nusu nzima kama mkupuo. Mwenzangu tuliyekaa meza moja katika chumba cha walimu alitoka Agosti 2022, akakuta asilimia 33. Alikuwa ameshaweka msingi wa nyumba kule Rau akitegemea ile nusu, na msingi ule ulikaa misimu miwili ya mvua ukiota nyasi. Tangu bajeti ya 2024/25 waliokuwa wakipata asilimia 50 kabla ya kushushwa hadi 33 wamepandishwa hadi 40, na wale wengine kutoka 33 hadi 35. Kwake yeye ilikuwa imechelewa, na huzuni yake sijaisahau. Kwa hiyo hata pensheni ya umma usiihesabu kama fedha iliyo mfukoni.

Ninachokuomba uelewe zaidi ni yaliyompata baba yako, kwa sababu wewe ulikuwa chuoni na hatukukueleza yote.

Alikuwa dereva wa watalii kwa miaka 17 na miezi saba, katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mshahara wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Bahasha za bakshishi za msimu wa Julai na Agosti ndizo zilizoezeka nyumba hii. Mwaka 2020 korona ilipozuia wageni, kampuni ikafunga. Akaenda NSSF kuomba taarifa ya michango yake. Jioni ile alirudi na karatasi nne, akazitandaza mezani, akachukua kikombe cha mahindi tuliyokuwa tumepukuchua kwa ajili ya mbegu, akaanza kuweka punje moja kwa kila mwezi uliolipiwa, safu za punje kumi na mbili kumi na mbili. Nilikuwa nimeketi mbele yake. Alipomaliza, mezani palikuwa na punje 163. Alifanya kazi miezi 211, na hati zake za mshahara zinazosomeka zinaonyesha alikatwa kila mwezi. Pensheni inataka miezi isiyopungua 180. Zilimpungukia punje 17.

Alihangaika na zile hati mwaka mzima, lakini nyingine zilikuwa zimeloa na kufutika. Miezi tisa ilipatikana, minane haikupatikana. Akalipwa mkupuo wake mara moja, nao ndio ng'ombe watatu unaowaona kule kihambani, shamba letu la nyumbani, Kibosho. Pensheni hana. Tunaishi kwa pensheni yangu, na kadi ya bima ya afya niliyobaki nayo baada ya kustaafu ndiyo anayotibiwa nayo presha. Yeye hasemi, lakini kila mwezi nikitoka benki hukwepa kuniangalia, na hilo linaniuma kuliko umaskini wenyewe.

Kwa hiyo sikukatazi kampuni. Wapo waajiri binafsi wanaolipa vizuri na kupeleka michango kwa wakati, na kijana anayekaa Sakina akilipa kodi ya chumba anaihitaji hiyo 1,100,000 leo. Marejesho ya mkopo wako wa chuo kwa Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 ya mshahara, yatakufuata popote. Ila kabla hujasaini nenda ukawaulize, kwa adabu lakini kwa maandishi, mchango wa NSSF utakokotolewa juu ya kiasi gani. Wakikubali kuandika kwamba ni juu ya malipo yote, chukua kazi yao na mimi nitakuombea. Wakikujibu kwamba hayo mtayazungumza baadaye, nenda halmashauri. Na popote utakapokwenda, kila baada ya miezi mitatu angalia taarifa ya michango yako kwenye simu, na hati za mshahara zitunze mahali pasipovuja.

Baba yako anasema uwaulize pia kama wafanyakazi wao wa zamani wameshalipwa mafao. Yeye angependa akusindikize siku hiyo, nimemwambia utampigia. Mpigie kesho jioni, akishatoka kukata majani ya ng'ombe, umsomee ule mstari wa ukurasa wa pili, kisha umwache azungumze.

Mimi mama yako.