Muhuri wa kitongoji unatosha kununua shamba la marehemu?

Ndugu Mshauri,

Nafanya biashara ya vitenge hapa Mtwara mjini. Mimi na mume wangu tumepata shamba la mikorosho, ekari 4, huko Tandahimba. Mikorosho imeshiba na bei tunaimudu. Anayeuza ni mtoto wa marehemu. Baba yao hakuacha wosia, na hadi leo hakuna aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi.

Alichonionyesha ni karatasi ya daftari yenye mipaka minne, saini yake, saini ya mjomba wake na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Mjomba anasema kwa mila zao yeye akishatamka, ukoo umetamka. Dada zake wawili muuzaji hawamo kwenye karatasi, wala mama yao mjane. Tulipokwenda kukagua tulimkuta mama huyo kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anabangua korosho. Bei hakuiulizia. Aliuliza kama na nyumba inauzwa, maana nyumba imo ndani ya mipaka hiyohiyo. Mwanawe akamkatisha. Tangu siku hiyo sina amani.

Najua kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka uhamisho wa ardhi ya kijiji upate kibali cha halmashauri ya kijiji, na kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu kisheria. Muuzaji yeye anataka nusu ya pesa wiki hii, akanunue salfa, dawa ya mikorosho, ya shamba lake jingine kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujala maua. Mambo ya mahakama eti yatafuata.

Tena kuna jirani anayedai alikodishiwa mikorosho ileile kwa misimu miwili, kwa mdomo tu, na hajavuna hata mmoja. Kwetu huku mapatano ya namna hiyo yanagombanisha ndugu kila msimu wa mnada wa korosho.

Naomba unisaidie. Mama na mabinti wakisaini muhtasari wa kikao cha ukoo, inatosha, au lazima tusubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi? Nikinunua, jirani atabaki na haki ya mavuno yake? Na je, naweza kuandikiana nao mkataba unaoiacha nyumba na kiwanja chake mikononi mwa mama? Mume wangu amekubali hata kama bei haitapungua.

Msomaji wako,
Mtwara