Jeli yako na joto la Machi

Tanga, 9 Machi

Sahibu yangu Hamisi,

Waambaje? Barua nimeipata, ile unayolalamika kwamba vipimo vyako vya kuvimba kwa jeli havilingani, na kosa nimeliona pale ulipoandika "nimepima kwenye joto la chumba." Chumba kipi? Jeli ya NIPAM, yaani minyororo ya molekuli iliyofumana na kushika maji, husinyaa karibu na nyuzi 32 za Selsiasi, na huko Bagamoyo mwezi huu saa nane mchana ndipo penyewe hapo. Alfajiri unapima jeli iliyovimba, mchana unapima inayosinyaa, halafu unailaumu mizani.

Kukiwa na ubaridi, maji hushikana na sehemu za mnyororo zinazoyapenda, ziitwazo amidi. Joto likipanda yanaachia, na zile sehemu za isopropili zisizopenda maji zinang'ang'aniana. Ndipo jeli inapogeuka nyeupe kama tui.

Basi tia kipande kwenye chupa ya maji yenye kifuniko, chupa ikae katika beseni linalodhibitiwa joto. Anza nyuzi 20, panda mbilimbili. Kati ya 30 na 34 panda nusunusu. Kila ngazi iache saa 24. Kata vipande vya unene wa milimita 2, maana unene ukiwa maradufu muda wa kungoja unakuwa mara nne.

Usikitoe kwenye 20 ukakitumbukiza kwenye 45. Ngozi ya nje husinyaa kwanza na kuziba, maji ya ndani yanakosa njia. Utaona malengelenge, na uzito utagoma kushuka kwa saa nyingi.

Ukikitoa, kilaze kwenye karatasi ya kuchujia, upande huu kisha ule, bila kubonyeza; ukibonyeza unakikamua. Kipime, toa uzito mkavu, gawa kwa huo huo mkavu: gramu 0.10 ikifika 1.60, uwiano wa kuvimba ni 15. Ila kabla ya kukausha uliiloweka siku nne au tano, ukibadilisha maji kila siku? Monoma, yaani malighafi isiyoungana kuwa mnyororo, iliyobaki ndani huuzidisha uzito mkavu, na uwiano unatoka mdogo. Nayo ni sumu, vaa glovu.

Maji ya kisima acha. Chumvi ya pwani hushusha joto la kusinyaa. Maji ya betri yaliyotoneshwa yanafaa, lakini soma kibandiko, maana asidi ya betri huuzwa duka lilelile.

Kama jeli ilitoka na ukungu tangu siku ya kuipika, mchanganyiko ulipata moto. Rudia ndani ya barafu, upitishe nitrojeni dakika 20 kwanza.

Nitumie namba za 30 hadi 34 tu. Hizo nyingine naweza kuzikisia.

Wako,
Salimu