Shukrani kwa mpiga kinanda aliyeokoa daftari letu

Mwalimu wetu wa kwaya alipofariki, alituachia daftari la nyimbo alizotunga mwenyewe, zote kwa solfa (nota za do, re, mi) iliyoandikwa kwa mkono. Lilikuwa limelowa maji, sauti ya alto, ile ya pili ya wanawake, imefutika karibu yote. Akaja mpiga kinanda mmoja, jina hataki litajwe. Aliketi na waimbaji wa zamani, akawaimbisha walichokumbuka, huku akiandika. Palipokosekana kabisa, aliijaza alto kwa kufuata mwendo wa soprano na besi, akaizungushia penseli ili isije ikadhaniwa ni ya marehemu. Hapo ndipo aliponigusa. Kisha akashusha ufunguo, yaani kimo cha nyimbo, kutoka G hadi F, maana tenor zetu, tusidanganyane, hazifiki huko juu. Hata nauli alikataa. Mungu akubariki, ndugu yetu. Nanyi mnaosoma nota, kwaya nyingi zina madaftari kama hilo, yawahini.