Sensa ya sumaku inaweza kutengenezwa hapa hapa Luthuli

Bwana Mhariri,

Kila ukurasa wenu wa teknolojia ukigusia sensa (vile vifaa vya kuhisi na kupima, sio ile ya kuhesabu watu), stori ni ile ile, ati kitu imetoka ng'ambo na sisi kazi yetu ni kununua na kushangaa. Mimi nafundisha fizikia hapa Nairobi na hiyo stori imenichosha, kwa sababu kuna sensa ya sumaku ambayo vifaa vyake vinapatikana papa hapa tauni na hakuna mtu anawaambia vijana.

Inaitwa magnetoelektriki, msiogope jina. Unachukua chuma cha aina ile inayobadilika urefu kidogo sana ikiguswa na sumaku (Joule aliliona hili tangu 1842, na ndilo linachangia ule mngurumo wa transfoma ya mtaani usiku na mchana), halafu unakigandisha kwa piezo, yaani ile kauri ambayo ukiibana inatoa volti. Sumaku inanyoosha chuma, chuma kinavuta kauri, kauri inatoa stima. Basi. Na haihitaji kulishwa stima kwanza kama sensa za Hall, zile za kawaida za kupima sumaku. Watu wa Philips kule Uholanzi walishaunganisha vitu vya hivi miaka ya 1970, kwa hivyo si siri ya jana.

Sasa vifaa. Piezo ni ile sahani ndogo iliyo ndani ya baza (kile kidude cha kulia piip), nenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa tauni, utaipata bei ya karibu bure. Chuma ndio raha yenyewe: vile vibandiko vinene vya plastiki vya kuzuia wizi madukani, sio zile bapa zenye waya wa kuzunguka, ukivipasua unakuta utepe mwembamba unaong'aa na ndio chuma tunachotaka, na chini yake kuna kipande kingine ambacho ni sumaku dhaifu, na sensa hii inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa na sumaku ndogo ya kudumu kando yake, so kibandiko kimekuletea vyote viwili. (Lipia nguo kwanza lakini.) Tumia epoksi inayokauka ngumu, gundi laini inameza mvuto wote kabla haujafika kwa kauri, na ukichomea waya usikawie, joto jingi linaua piezo.

Itapima nini? Waya mmoja wenye ampea 10, ukiwa sentimita 10 kutoka kwake, unatoa kama maiklotesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na sumaku ya dunia hapa kwetu ni kama 33. Fundi wa stima anaweza kujua mzigo bila kuchuna waya. Tusiwadanganye vijana hata hivyo, sumaku inayotoka kwa moyo ukipiga ni makumi ya pikotesla tu (pikotesla ni maiklotesla ukiigawa kwa milioni), hiyo watafiti wa Kiel kule Ujerumani ndio wanaikimbiza, ili hospitali ziache zile mashine za kuipima za kupoeshwa kwa heliamu ya nyuzi -269. Na mat ikipita nje na bass yake sensa yako itaruka pia, maana piezo haijui tofauti ya mtikisiko na sumaku, kwa hivyo ining'inize kwa sponji.

Vyuo vyetu vya ufundi vinangoja maabara ya mamilioni ndio vianze. Mhariri, nipeni nusu ukurasa tu niwachoree hatua zote, na wanafunzi wangu wako tayari kuleta za kwao zipigwe picha.

Mwalimu wa fizikia,
Kasarani, Nairobi