Maabara ilipima nini? Magome ya kisukari na asilimia zinazotangazwa

Ndugu Mhariri,

Unga wa magome unaouzwa hapa Tabora kama dawa ya kisukari mara nyingine huja na karatasi ya maabara inayosema unazuia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) kwa zaidi ya asilimia 90. Msomaji akikuta maneno hayo gazetini anaelewa kwamba sukari yake itashuka kwa kiasi hicho. Karatasi haisemi hivyo.

Kinachopimwa mara nyingi ni alfa-glukosidasi, kimeng'enya cha utumbo mwembamba kinachomalizia kuvunja wanga kuwa glukosi. Kikizuiwa, sukari huingia kwenye damu polepole baada ya mlo. Ndivyo akabosi, dawa ya hospitali ya kisukari, inavyofanya kazi. Maabara huchanganya mikrolita 50 za mchujo wa mmea (maji au ethanoli, yaani alkoholi, iliyolowekewa mmea na kuchujwa) na mikrolita 50 za kimeng'enya katika bafa ya fosfeti, kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi, yenye pH 6.8, huacha dakika 10 kwenye nyuzijoto 37, kisha huongeza kemikali ambayo ikikatwa na kimeng'enya hutoa rangi ya njano. Baada ya dakika 20 kazi husimamishwa kwa sodiamu kaboneti na rangi husomwa kwenye nanomita 405. Njano ikipungua, kimeng'enya kimezuiwa. Ni kipimo cha haraka, kinachofaa kuchambua mimea mingi kwa gharama ndogo. Tatizo ni magome.

Magome ya miti ya miombo yana tanini nyingi, ile inayokausha ulimi ukiyatafuna. Utomvu mwekundu wa mninga nao umejaa tanini. Tanini hushika karibu protini yoyote inayokutana nayo, na kimeng'enya ni protini. Kikishikwa huganda na kuacha kazi, mashine ikasoma asilimia 95, ingawa huenda hakuna kitu mle kilichokilenga kimeng'enya hicho. Mwilini mwa mgonjwa tanini hiyo hukutana kwanza na protini za mate na za maharage aliyokula. Namna ya kuitambua ipo: rudia kipimo ukiwa umeongeza albumini ya ng'ombe, protini ya damu ambayo tanini itaishika badala ya kimeng'enya, au pitisha mchujo kwenye PVPP, poda inayonasa tanini. Asilimia ikiporomoka toka 95 hadi 15, sehemu kubwa ya sifa ilikuwa ya tanini. Kwetu sisi, karatasi ya gome isiyoonyesha matokeo ya kabla na baada ya kuondoa tanini haijakamilika.

Rangi nayo hupotosha, ila kwa upande wa pili. Mchujo mwekundu hufyonza mwanga uleule wa nanomita 405, mashine ikadhani njano ni nyingi, na mmea wenye kitu ukatupwa. Kwa hiyo kila kiwango cha mchujo kipimwe pia bila kimeng'enya, na namba hiyo itolewe kwenye hesabu.

Yako pia madai ya "kushinda akabosi". Muulizeni mtangazaji kimeng'enya kilitoka wapi. Kinachonunuliwa kwa urahisi ni cha hamira, na akabosi ni dhaifu sana dhidi ya kimeng'enya cha hamira, huku ikiwa na nguvu dhidi ya kile cha utumbo wa mamalia. Ushindi wa namna hiyo hauna maana mpaka kipimo kirudiwe kwa kimeng'enya cha utumbo wa panya.

Tena asilimia moja peke yake haitoshi. Viwango visipungue vitano, kila kimoja kipimwe mara tatu, ili ijulikane ni mikrogramu ngapi kwa mililita zinazuia nusu ya kazi ya kimeng'enya. Asilimia 90 kwa miligramu 10 kwa mililita ni jambo dogo. Na kama mgonjwa anachemsha gome kwa maji, wapime mchujo wa maji, maana ethanoli hutoa vitu vingine kabisa.

Hatua inayofuata, ya kujaribu dawa kwa panya, nayo ina mtego wake. Panya aliyeharibiwa kongosho kwa kemikali ya streptozotosini ili apate kisukari, sukari yake inaweza kushuka kwa sababu dawa imemdhuru na ameacha kula. Chakula na uzito wake viandikwe kila siku, ini na figo zichunguzwe, na liwepo kundi linalopewa glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, la kulinganishia.

Jambo moja la haraka: katika nchi kadhaa, dawa zilizouzwa kama za mitishamba zimekutwa zimechanganywa glibenklamaidi kwa siri. Unga unaoshusha sukari ndani ya saa chache upimwe kwa hilo kwanza, kwani mgonjwa anayemeza vidonge vya hospitali juu yake sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na ikizidi kushuka akapoteza fahamu.

Tunakuomba, Mhariri, kabla ya kuchapa "imethibitishwa na maabara", mdai majibu ya maswali haya: kimeng'enya cha nini, mchujo wa nini, viwango vingapi, tanini iliondolewa? Waratibu wa tiba asili wa halmashauri nao wadai sampuli ya mmea iliyokaushwa, yenye majani na maua au matunda, ipelekwe kutambuliwa na wataalamu wa mimea, kwa kuwa gome lililosagwa halitambuliki kwa macho. Na wanaochuna mninga wasizungushe gome lote. Mti uliochunwa duara hufa, na mininga yetu tayari inakwisha kwa mbao.

Wasomaji wenu wa fani ya maabara,
Tabora